Dogo wa Usevya na lifti ya gari nyumbani: mnamcheka bure, ila na yeye aanze na zege

Wiki hii gumzo si penzi la staa wala nani kaacha kumfuata nani Instagram. Gumzo ni lifti. Si lifti ya ghorofa, ni ile mashine ya kunyanyulia gari mnayoiona kwenye gereji kubwa za Dar, gari linapaa juu, fundi anapita chini amesimama wima kama mtu anayekagua embe.

Mwenye gumzo ni dogo mmoja wa Usevya, kule Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Jina halitajwi, wanaomjua wanamjua. Dogo amepambana na mpunga: kanunua, kakoboa, kasafirisha, na leo ana nyumba ya bati la rangi, Land Cruiser mkonga, Toyota IST ya shemeji yenu na Canter ya mzigo. Ubavuni mwa nyumba kajenga banda la magari. Juzi akaposti picha ya mashine ya nguzo mbili, akaandika kwamba inakuja nyumbani.

Weee! Watu wakamvaa. "Lifti Usevya? Ya kupandishia ng'ombe?" Mwingine: "Ushamba mzigo." Mwingine akadai dogo kamuiga staa mmoja wa Bongo aliyefunga mashine ya aina hiyo kwake, gari moja juu, jingine chini, taa za bluu zinawaka usiku kucha. Yule staa alipoposti ya kwake, komenti zilikuwa moto na mapete ya "baba lao". Dogo kaposti, kapewa za uso.

Ukweli ni huu: wanaomcheka wamekosea, na dogo naye kakosea. Wao wamekosea kwa sababu hawajui Usevya iko wapi. Dogo kakosea kwa sababu kaanza na cha juu, cha chini bado.

Jiografia kwanza. Ukitoka Mpanda kwenda Usevya unapita Sitalike, unaikata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ile yenye viboko na nyati, kilomita za mraba 4,471, unatokea upande wa Kibaoni. Gari likikugomea Usevya, ukitaka gereji kubwa yenye vifaa unawaza Mpanda upande mmoja na Sumbawanga upande mwingine. Sasa weka vumbi la kiangazi na tope la masika. Bushi zinakufa, boljointi zinakufa, shokapu zinavuja, eksozi inadondoka. Gari la huko haliishi kwa kuoshwa, linaishi kwa mtu kuingia chini yake kila mara.

Yule staa wa Dar akiamka na gari bovu, anapiga simu, gereji iko mtaa wa pili. Kwake lifti ni pambo, na si dhambi, pesa yake. Ila ukweli usemwe: anayepigiwa makofi ndiye asiyeihitaji, anayechekwa ndiye anayeihitaji.

Na huko Usevya mtu anaingiaje chini ya gari? Kama wanavyoingia wengi Tanzania nzima. Gereji bubu chini ya mwembe. Jeki moja, jiwe, gogo, pengine ringi ya tairi la akiba. Fundi anatandika boksi, analala chali, anajisukuma kwa visigino. Anayemtengenezea dogo magari ni mjomba wake mwenyewe, kaka wa mama yake. Kwenye video moja ya zamani ya dogo, mjomba kalala chini ya mkonga, tairi la mbele halipo, chini ya chesisi kuna tofali. Dogo anasikika akiuliza:

"Mjomba, hilo tofali litashika kweli?"

"Limeshika miaka yote, mjomba. Wewe shika tochi."

Watu walicheka sana kwenye video ile. Lakini rudia kuiangalia. Mkonga mtupu ni tani 2 na ushee. Tofali haliinami kwanza likakuonya, linapasuka mara moja. Jeki ya mafuta nayo ikichoka sili inashuka, haipigi hodi. "Limeshika miaka yote" ni maneno ya mtu ambaye bado halijamwangukia. Kwa hiyo dogo kutaka mashine si ushamba. Ni mtu aliyechoka kushika tochi huku roho iko mkononi.

Sasa tumgeukie dogo.

Mashine za nyumbani ziko za aina tatu za kawaida. Kuna ya nguzo nne: gari linapanda juu ya reli zake kwa matairi. Hiyo ndiyo ya staa. Imetulia, na nyingi zinasimama hata bila kufungwa chini kwa bolti, inafaa kupaki gari juu ya gari na kumwaga oili. Ubaya wake, matairi yamekalia reli. Ukitaka kufungua breki au shokapu unahitaji jeki nyingine ya kukaa katikati ya reli. Kuna ya mkasi, fupi, nyingi zinanyanyua kama mita 1 hivi, nzuri kwa banda lenye dari ya chini. Halafu kuna ya nguzo mbili: mikono minne inashika gari chini ya bodi au chesisi, matairi yote yananing'inia. Kwa kazi za bushi, breki, difu na giaboksi, hiyo ndiyo mwisho wa maneno.

Kwa hiyo dogo kwenye aina hajakosea. Kazi zake ni hizo hizo. Akichukua yenye uwezo wa tani 4, IST ya tani 1 na kidogo ni utani, mkonga unapanda bila jasho. Canter yenye mzigo asahau, ibaki chini. Na kila gari lina sehemu zake za kushikwa: mkonga unashikwa kwenye chesisi, IST haina chesisi ya hivyo, inashikwa kwenye kingo za chini ya milango pale zilipoimarishwa. Ukikosea sehemu, unakunja bodi au gari linateleza. Na ukishusha injini au difu gari likiwa juu, uzito unahama upande. Kabla ya kufungua kitu kizito lazima gari liwekewe stendi ndefu ya kulisaidia.

Tatizo liko chini ya miguu. Kwenye picha zake banda limepigwa tailizi nyeupe, zinang'aa unaweza kula ugali sakafuni. Wadau wakaweka makopakopa. Lakini mashine ya nguzo mbili ni kama mtu aliyenyoosha mikono mbele akabeba ndoo mbili: mwili wote unataka kuangukia mbele. Nguzo hazianguki kwa sababu moja tu, bolti zilizong'ang'ania zege. Bolti za nyuma zinavutwa juu muda wote gari likiwa hewani. Sasa jamvi la nyumba nyingi ni sentimita 7 au 8, pengine chini ya hapo. Bolti ya mashine hiyo mara nyingi inataka kuzama zaidi ya hapo. Maana yake imetoboa jamvi, imefika kwenye udongo. Imeshika nini? Imeshika tailizi. Imeshika picha ya Instagram.

Watengenezaji wengi wanataka zege la sentimita 10 kwa uchache, zege zuri, lisilo na ufa. Anayejipenda anamwaga 15 na kuweka wavu wa nondo. Na Mpimbwe ni ukanda wa mpunga, na pale penye udongo mweusi wa mbuga mambo ni mawili kwa mwaka: masika udongo unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukimwaga zege jembamba juu yake, litapasuka nao. Hapo unachimba, unatoa udongo mweusi, unajaza kifusi kizuri cha moramu, unashindilia, ndipo unamwaga.

Hesabu yenyewe haitishi. Eneo la mita 4 kwa 6.5, unene sentimita 15, ni karibu mita za ujazo 4. Kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 na nusu za mchanga na ndoo 3 za kokoto, ni kama mifuko 30 ya saruji ya kilo 50. Mtu aliyenunua mkonga hashindwi na mifuko 30. Kinachowashinda watu ni kusubiri. Zege linamwagiliwa maji angalau siku 7 na linahesabiwa limekomaa siku 28. Ukifunga bolti siku ya tano kwa sababu umeahidi wadau video, umefunga bolti kwenye uji.

Halafu paa. Mkonga una urefu wa karibu mita 2 kwenda juu. Ukiunyanyua mita 1.8 ili mtu asimame chini yake, paa la gari liko karibu mita 3.8, na hapo hujaweka keria. Banda la dogo kwa macho halifiki huko. Ama ainue paa, ama akubali mkonga unaishia kiunoni na IST pekee ndiyo inapaa.

Halafu umeme. Mota za mashine hizi nyingi ni za kama kilowati 2.2, nyingine za umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 230, nyingine za fezi tatu. Dogo ana mashine ya kukoboa, somo la fezi anajua kuliko waliomcheka. Aulize mapema ipi inaletwa, maana mzigo wa zaidi ya nusu tani haurudishwi Dar kwa bodaboda. Na aulize swali ambalo wengi hawaulizi: umeme ukikatika gari likiwa juu, linashukaje? Mashine nzuri ina kufuli za chuma kwenye nguzo. Gari halitakiwi kubaki juu kwa nguvu ya mafuta peke yake, unalipandisha, unalishusha kidogo mpaka lilalie kufuli zote mbili, ndipo mtu aingie. Likishakaa hapo umeme ukikatika hakuna anayekufa. Ila ili kuzitoa kufuli lazima linyanyuke kidogo tena, kwa hiyo bila pampu ya mkono utasubiri umeme urudi. Mashine isiyokuja na kitabu chake wala kibao cha uwezo wake, hata ingekuwa ya bei ya kutupa, iachwe hapo hapo.

Kuna wazee wa busara kwenye komenti waliosema achimbe shimo tu, kama gereji za zamani. Hoja si mbaya, shimo halihitaji umeme wala bolti. Lakini masika maji yatalijaza. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala shimoni, cheche moja ya taa inatosha. Shimo lisilo na kuta za zege, ngazi, hewa na mfuniko ni kaburi lililochimbwa mapema.

Sasa neno kwa dogo. Pesa ya kwanza iende chini. Ng'oa tailizi, mwaga zege, subiri siku 28. Wakati unasubiri, nunua stendi nne za chuma zenye uwezo ulioandikwa, mpe mjomba leo, tofali lile lirudi kwenye ujenzi. Hata kama pesa ya mashine itachelewa msimu mzima wa mpunga, sakafu ngumu na stendi nne tayari zimemwondoa mzee kwenye hatari kuliko mashine ya bei chee juu ya tailizi. Mashine mbaya inadanganya zaidi ya tofali: chini ya tofali mjomba anaingia kwa woga, chini ya mashine ataingia anaimba.

Na mjomba asiachwe nje. Wapo vijana wakishanunua kifaa wanaleta fundi wa mjini wa kupiga naye picha, mzee wa mwembe anabaki anaangalia. Huyo ndiye aliyelala kwenye vumbi miaka yote gari likatembea. Afundishwe mashine, awe wa kwanza kubonyeza. Na mkiona majirani wanaanza kuleta magari yao kwa malipo, jueni hapo si nyumbani tena, ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inahusika, na vifaa vya kunyanyulia ni vya kukaguliwa na OSHA. Usingoje ajali ikutambulishe kwao.

Nyie wa "ushamba mzigo", safari hii mmebugi. Mshamba ni anayekubali mjomba wake alale chini ya tani 2 zilizoshikwa na tofali kisha anacheka.

Haya, uwanja wenu. Dogo afunge lifti au achimbe shimo? Na kwenu huko, fundi wako akiingia chini ya gari, linashikwa na nini? Tiririka hapo chini, matusi hayaruhusiwi.