Farasi Mwenye Kiu wa Smbataberd

Katika kitivo chetu neno «hekaya» limegeuka kapu la taka. Kila jambo ambalo mwanafunzi amesimuliwa na wazee, nalo halina tarehe wala sahihi ya mtu, hutupwa humo, kisha kazi inaendelea. Mimi siikubali desturi hiyo, na nitaipinga kwa mfano wa mbali sana, asije mtu akasema kwamba ninatetea kijiji changu.

Kusini mwa Armenia, katika jimbo la Vayots Dzor, kuna ngome iitwayo Smbataberd. Imekaa kwenye mgongo wa mlima, juu ya vijiji vya Artabuynk na Yeghegis, na pande zake tatu ni magenge. Jina lenyewe ni somo: berd ni ngome, Smbat ni jina la mtawala wa Syunik, na ile a ya katikati ni irabu ambayo Kiarmenia hutumia kuunga maneno mawili yawe moja. (Haina undugu na -a yetu ya Kibantu, ingawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angependa iwe hivyo.) Huenda palikuwa na ngome hapo tangu karne ya 5. Iliimarishwa katika karne ya 9 na ya 10, na sehemu kubwa ya kuta zake bado zimesimama.

Sasa hekaya. Adui waliizingira ngome, nayo haikuanguka. Waliokuwa ndani hawakuishiwa na maji, wala hakuna aliyewaona wakishuka na mitungi. Siri yao ilikuwa bomba la udongo wa kuchoma, lililofukiwa ardhini, likileta maji kutoka kwenye monasteri ya Tsakhats Kar. Ndipo Waturuki wakamnyima farasi maji, wakamwacha hadi kiu ikamzidi, kisha wakamfungulia atembee mlimani. Farasi akanusa ardhi, akafuata harufu, akawaonyesha bomba lilipopita. Wakalikata, na ngome ikaangukia mikononi mwao.

Najua pingamizi litakalokuja, na lina nguvu. Farasi huyu si wa Smbataberd peke yake. Wenzetu wa idara ya Kifaransa wanaweza kumkuta katika Les Tambours de la pluie, tafsiri ya riwaya ambayo Ismail Kadare aliitoa kwa Kialbania mwaka 1970: jeshi la Waosmani limeizingira ngome ya Waalbania katika karne ya 15, na farasi mwenye kiu anatumwa kutafuta mfereji uliofichwa. Kutoka milima ya Armenia hadi ile ya Albania ni safari ndefu. Kisa kikisimuliwa katika nchi mbili, mwalimu wa historia atasema, hakiwezi kuwa ushahidi wa tukio katika nchi yoyote kati ya hizo.

Nakubali kuhusu farasi. Lakini kwa nini kisa hicho kiligandamana na Smbataberd, kisigandamane na daraja au soko? Kwa sababu ukiitazama ngome ile, swali la kwanza ni maji: watu waliishije juu ya mwamba, na adui amekaa chini kwenye mabonde yenye mito? Hekaya imelibeba swali hilo na jibu lake pamoja: chanzo kilikuwa wapi, bomba lilikuwa la nini, lilielekea wapi. Farasi anaweza kuhamia ngome nyingine, lakini Tsakhats Kar haihami. Hadi leo magofu yake yapo mlimani karibu na hapo. Hata kama hakuna farasi aliyewahi kunusa chochote, msimulizi wa Vayots Dzor alikuwa anawafundisha wajukuu wake ramani ya maji.

Tena kuna jambo ambalo ni letu kabisa, sisi watu wa lugha. Angalia nani anayelaumiwa katika kisa hiki. Hakuna mlinzi aliyelala, hakuna mke wa mtawala aliyefungua mlango usiku, hakuna mtu aliyehongwa. Ngome inashindwa na kiu ya mnyama. Walioshindwa wamejitungia kushindwa kusikokuwa na msaliti, na hilo si jambo dogo kwa watu watakaoendelea kuishi pamoja katika bonde lile lile. Tazama pia neno «Waturuki». Hekaya haisemi Waturuki gani. Waseljuki waliouteka mji wa Ani mwaka 1064 huitwa hivyo, na Waosmani waliokuja karne nyingi baadaye huitwa hivyo pia. Jina moja limekunja mamia ya miaka. Kosa la kihistoria? Kwa mwanahistoria, ndiyo. Kwangu ni habari ya jinsi kumbukumbu inavyopanga wakati.

Hata hivyo sitaki kumpa msimulizi zaidi ya haki yake. Huko Yeghegis, chini ya ngome, mwaka 1996 yaligunduliwa makaburi ya Wayahudi, yenye maandishi ya Kiebrania na Kiaramu ya karne ya 13 na ya 14. Wasomi hawakuwa wameitambua jamii hiyo katika bonde lile. Baadhi ya mawe yake yalikuwa yametumiwa kushikilia daraja la miguu juu ya mto. Farasi mmoja amekumbukwa, na jamii nzima, iliyozika wafu wake hapo kwa vizazi, ikaachwa ikanyagwe na wavukao. Hekaya huchagua, na haituambii imeacha nini.

Ndiyo maana naona aibu kidogo kwamba ni sisi, wa nchi hii, tunaoitupa kapuni. Jan Vansina alifanya utafiti wake kwa Wakuba, huko Kasai, katika miaka ya 1950, na mwaka 1961 akachapisha De la tradition orale, kitabu kilichowafanya wanahistoria wengi wakubali kwamba neno la mdomo linaweza kupimwa kama hati. Kupimwa, nasema, si kuabudiwa.

Fomu tunayopewa tunapokwenda kukusanya masimulizi inauliza jina la msimulizi, umri, kabila, lugha, na aina ya kisa: ngano, hekaya, methali. Hakuna mstari unaouliza kisa kilitokea wapi. Nawaomba walimu wetu waongeze mstari huo kabla makundi hayajaondoka likizo ijayo, na chini yake mwingine: je, mzee anaweza kutupeleka pahali penyewe tupaone?