Joka la Wachina si Ibilisi

Katika shule moja huko Ilongero, mkoani Singida, niliona kalenda ya Kichina ikishushwa ukutani. Ilikuwa na picha ya joka lenye pembe, limejizungusha katikati ya mawingu. Mwalimu aliyeishusha, mtu msomi na mcha Mungu, aliniambia kuwa darasa si pahali pa kumtundika Shetani. Nilikuwa mgeni wa kikazi, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Mwalimu yule hakulijua joka lile. Alilijua neno tu. Kitabu cha Ufunuo, katika sura ya 12, chasimulia habari za joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, nalo ndilo Ibilisi. Wafasiri wa Biblia walichagua neno “joka”, na walikuwa na haki yao. Kosa ni letu sisi tuliolichukua neno hilo tukamvika kiumbe mwingine kabisa, kisha tukamhukumu kwa vazi tulilomvika wenyewe. Tena hata Kiswahili chenyewe hakikulaani kila joka: je, joka la kibisa limemuuma nani?

Wachina humwita long, na sauti ya mwisho ni ile ya ng'ombe. Ana pembe mfano wa paa, magamba ya samaki na kucha za tai. Makao yake ni mito, maziwa na bahari, na kazi yake kubwa ni kuleta mvua. Kwa karne nyingi wakulima wa China walimjengea Mfalme wa Majoka mahekalu, wakamwomba maji. Mvua ilipokawia, katika baadhi ya vijiji waliitoa sanamu yake nje wakaianika juani, apate kuonja mwenyewe ukali wa kiangazi! Wafalme nao walijitwalia joka la kucha tano likawa alama yao, na tangu 1889 hadi 1912 joka lilikaa katika bendera ya dola. Mimi hilo la enzi silijali sana. Nalijali la mkulima, kwa maana Ilongero ni nchi ya mtama, uwele na alizeti, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu. Mtu wa huko atafutaye wingu mwezi Januari amwelewa mkulima yule pasipo mkalimani.

Wala tusiende mbali. Huko Nyakach, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, Wajaluo walimheshimu chatu waliyemwita Omieri, wakiamini kuwa kuja kwake ni dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua moto, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Alipotokea chatu mwingine mwaka 2003, wako waliosema kuwa Omieri amerudi.

Nitaulizwa: “Wataka tuabudu nyoka?” La hasha! Kujua si kuabudu. Miungu ya Wayunani tumeisoma, wala hatukumchinjia Zeus hata kuku. Mbona huyo hatumwiti Shetani? Kwa sababu alitujia katika vitabu vya Mzungu. Hiyo ndiyo kasumba, nayo yakaa vichwani mwa watu waliosoma kuliko kwa bibi zao.

Ndugu walimu, lifikapo somo la China, litajeni jina long kwanza, mweleze kazi yake, ndipo mseme “joka”. Kisha mwagizeni mwanafunzi akamwulize bibi yake habari za nyoka na mvua, aziandike daftarini kabla bibi hajafa.