Chupa ya harufu nzuri na usingizi wa mama



Mama mmoja wa Kipushi ametuletea swali hili: «Baba Pasta, ile mafuta ya kunukia banauzisha mu soko, inaweza kunisaidia nilale? Bwana yangu anatumikaka butuku chini ya udongo, na miye sipate usingizi mupaka asubui.» Tunalijibu hapa kwa sababu si yeye peke yake. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukarudi kuzaa mwaka 2024, na furaha ya mshahara imeingia nyumbani pamoja na usiku mrefu wa kungojea. Likasi na Kolwezi wanajua hayo vilevile. Na pale penye mama asiyelala, muuzaji wa chupa hayuko mbali.

Kwanza tujue ni kitu gani. Haya si mafuta ya kupikia. Wanatia majani au maua katika mtungi mkubwa, wanapitisha mvuke wa maji ya moto ndani yake, mvuke unachukua harufu. Ukipoa unageuka maji, na mafuta kidogo sana yanabaki yakielea juu. Katika kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar, kuna kiwanda kinachokamua hivyo vikonyo vya karafuu. Ni kazi ya kula majani mengi. Kwa kilo moja ya mafuta ya lavanda inafaa maua kilo 100 na zaidi. Kwa kilo moja ya mafuta ya waridi inafaa petali kama tani 3 au 4! Basi, ndugu yangu, kama mtu anakuuzia «waridi ya kweli» kwa bei ya mkate, piga hesabu wewe mwenyewe. Mara nyingi ni manukato ya kiwandani, yamechanganywa na mafuta mengine.

Jina ambalo Wazungu wanatumia kwa kutuliza mwili kwa harufu, aromaterapi, lilitungwa na Mfaransa René-Maurice Gattefossé, mtaalamu wa kemia. Aliungua mikono mwaka 1910 katika maabara yake, akatumia mafuta ya lavanda juu ya vidonda, na mwaka 1937 akatoa kitabu chake. (Mwaka 1910 ndio mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa pia, na hapa harufu ya kwanza ilikuwa moshi wa shaba.)

Je, yanatuliza? Tuseme ukweli: kidogo, ndiyo. Harufu inapita puani na kufika haraka kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana ukisikia harufu ya sabuni ya bibi yako, moyo unarudi kijijini mbele hata ya kujua kwa nini. Waganga waliopima lavanda wameona watu fulani wanapunguza wasiwasi. Ujerumani kuna hata vidonge vya mafuta ya lavanda vya miligramu 80, lakini hiyo ni dawa ya famasi, yenye kupimwa. Si ile chupa ya soko.

Na mama, mbele ya kutoa franka, tazama pembeni ya nyumba yako. Ile sitroneli tunayopanda kando ya ukuta, wengine wanaiita mchaichai, iko na mafuta yaleyale ndani ya majani. Katakata majani machache, mwangia maji ya moto, funika, ngoja kidogo. Kunywa ile chai jioni, umekaa, redio imezimwa. Harufu inajaa chumba. Kama unataka kabisa chupa, tone moja au mawili juu ya kitambaa kavu, kiweke mbali na uso, inatosha. Usimwage juu ya mbabula: mafuta haya yanashika moto. Na mbabula yenyewe isilale ndani ya chumba hata siku moja, kwa sababu makala inatoa hewa isiyo na harufu, nayo inaua watu katika usingizi.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Harufu nzuri inafunika, haisafishi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi sana katika mkojo, na watoto kupita wakubwa. Hakuna lavanda inayotoa vumbi hiyo. Nguo za kazi zikung'utwe na kufuliwa nje, peke yake. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, ufagio mkavu unarusha vumbi tu. Watoto wanawe mikono mbele ya bukari. Na kama mmoja nyumbani ana pumu, harufu kali inaweza kumfunga kifua usiku, huyo msimjaribie.

Wengine wanauza chupa hizi kwa jina la upako, eti zinafukuza mawazo na roho mbaya, na wanaambia watu wazinywe. Yakobo aliagiza wazee wa kanisa waombee mgonjwa na kumpaka mafuta, bei hakuandika. Kunywa vilevile hakuandika.

Kwa mama wa Kipushi mwenyewe: usingizi unaokimbia kwa hofu hauponi kwa pua peke yake. Mwambie bwana yako kile unachowaza, mchana, akiwa amepumzika. Mpatane habari ikufikie kwa njia gani kama anachelewa kutoka. Katika kartie yako kuna wamama wengine wenye waume wa usiku, tafutaneni. Na kama usingizi unakosa wiki tatu, nne, moyo unapiga mbio, chakula hakipiti, nenda kwa munganga bila haya.

Kwa wazazi wote wenye chupa hiyo nyumbani. Ina rangi nzuri na harufu ya bonboni, na mtoto anaionja. Kijiko kidogo tu cha mafuta ya kaliptusi au kafuri kinaweza kumtia mtoto kifafa na kumpotezea fahamu. Kichanga usimpake puani wala kifuani. Inaweza kumkata pumzi. Kama mtoto amekunywa, msimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi yanaingia katika mapafu. Msimpe maziwa, msimpe mawese, hata kama nyanya anasisitiza. Chukueni mtoto na chupa yenyewe, mwende lopitali saa ileile, usiku au mchana. Chupa nyingine zikae juu kabisa, katika kabati yenye kufungwa, na ufunguo ukae kwa mtu mkubwa.