Urembo Unaoshonwa Mbele ya Macho

Ukiwauliza watu kwa nini hukesha wakitazama mashindano ya wanaume wa Kimarekani wanaojikwatua kike, wengi watakujibu kwamba wanataka kucheka tu. Mimi sikubaliani nao. Kichekesho peke yake hakimkalishi mtu saa nzima, wiki baada ya wiki, roho juu, akingoja kujua nani ataondolewa.

Mashindano yanayosemwa ni RuPaul's Drag Race, yaliyoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwezi wa Februari 2009 yakiwa na washindani 9. Hukumu ya dini yetu juu ya mwanamume kujifananisha na mwanamke msomaji anaijua, wala makala haya hayakuja kuipindua. Ninalouliza ni hili: mtazamaji anavutwa na nini?

Kwa maoni yangu, anavutwa na kazi. Katika mashindano ya kawaida ya warembo tunaletewa chakula kimekwisha kupakuliwa. Pazia hufunguliwa, mrembo akatokea, nasi sote tukajifanya kuamini kwamba ndivyo alivyoamka asubuhi. Hapa jikoni ni wazi. Mtu mwenye kidevu kilichonyolewa sasa hivi anaketi mbele ya kioo. Nyusi zake anazilaza kwa gundi, anazifunika kwa poda, kisha anachora nyingine juu ya zile. Anachukua sponji, mfano wa lile la godoro, analikata na kulichonga mpaka lipate umbo la nyonga. Kisha cherehani. Katika kipindi cha kwanza kabisa washindani walipewa vikorokoro vya bei ya chini wakaambiwa washone nguo ya kupandia jukwaani. Fundi yeyote wa cherehani akitazama hapo atasahau mambo mengine yote, atabaki kuangalia mshono. Na aliyeibuka mshindi mwaka ule alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Kameruni, ajulikanaye jukwaani kwa jina la BeBe Zahara Benet. Zawadi yake ilikuwa dola 20,000.

(Wao kwa wao huitana kwa neno la Kiingereza la kumtaja mwanamke, na huko kwao neno hilo pekee limezua mabishano makubwa. Kiswahili hakina tabu hiyo. Yeye ni yeye.)

Halafu kuna ulimi. Upo mchezo wao wauitao maktaba: mshindani huvaa miwani, akasimama mbele ya wenzake, akaanza "kuwasoma" mmoja mmoja, yaani kumtolea kila mtu aibu yake kwa maneno machache yenye ncha. Sheria ni moja: anayesomwa acheke. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji mkalimani hapo. Hivyo ni vijembe, na bibi zetu wa lelemama walivijua vizuri zaidi, maana wao walivitia katika nyimbo.

Lakini tusidhani kwamba mambo haya yalizaliwa na televisheni. William Dorsey Swann, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, alikuwa akiandaa dansi za namna hii mjini Washington, na mwaka 1888 polisi waliivamia mojawapo na kuwakamata watu. Mwaka 1967, katika mashindano yaliyofanywa New York, Crystal LaBeija, ambaye alikuwa mweusi, aliteta kwa hasira kwamba taji lilitolewa kwa upendeleo. Teto lake limo katika filamu ya The Queen ya mwaka 1968. Baadaye Weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini mjini humo wakajiundia "nyumba" zao, kila nyumba na "mama" yake. Wengi wa watoto wa nyumba hizo walikuwa vijana waliofukuzwa na wazazi wao. Mama aliwafunza kushona, kujipamba na kutembea, kama somo na mwari wake. Filamu ya Paris Is Burning ya mwaka 1990 inawaonyesha wazi: fukara walioshona mavazi ya kitajiri ili wayavae usiku mmoja.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na mashindano ya siku hizi. Mwaka 2023 zawadi ilifika dola 200,000, na fedha imezaa fedha. Washindani wengi sasa huja na masanduku ya nguo zilizoshonwa na mafundi wa kulipwa, na baadhi yao wamesema hadharani kwamba walikopa ili wazipate. Nguo zinang'ara kweli, lakini jikoni pamefungwa tena. Tukimtazama mtu aliyenunua vazi, tofauti yake na wale warembo wa pazia ni ipi?

Kwa bahati nzuri hawajakiondoa kile kipande cha mwisho. Wawili walio mkiani husimamishwa jukwaani, wimbo ukapigwa, nao wakauigiza kwa midomo bila kutoa sauti. Hapo vazi la fundi halimsaidii mtu, na mara nyingi hata humzuia asicheze. Mmoja hubakizwa. Mwingine hurudi chumbani peke yake, akachukua rangi ya mdomo, akawaandikia wenzake maneno mawili matatu juu ya kioo. Nao wakiingia huyasoma kwanza, ndipo mmoja wao akatafuta kitambaa cha kuyafutia.