Ukamataji Kasulu na Kibondo ufuate sheria

Mtu anayekamatwa Kasulu au Kibondo ana haki ya kujua mambo matatu papo hapo: nani anamkamata, kwa kosa gani, na anapelekwa kituo gani. Ndugu zake nao wanapaswa kuyajua hayo. Yasipojulikana hayo, ukamataji hauna tofauti na utekaji.

Tunasema hivi kwa sababu wilaya hizi zimeshatajwa vibaya. Novemba 2020, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wakimbizi wa Burundi waliokamatwa mkoani Kigoma tangu mwishoni mwa 2019. Walieleza kushikiliwa kituo cha polisi Kibondo bila kufikishwa mahakamani na kuteswa; wengine walivushwa mpaka na kukabidhiwa kwa nchi waliyoikimbia. Aprili 2021, wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa nao walionyesha hofu yao juu ya madai ya namna hiyo.

Sheria yetu haina utata. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza kumkamata mtu isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na kinga hiyo ni ya kila mtu, awe raia au mkimbizi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka askari awe na hati ya hakimu, au awe na sababu za msingi za kumshuku mtu kwa makosa ambayo sheria inaruhusu kukamata bila hati. Amweleze mtuhumiwa kosa lake. Asitumie nguvu kupita kiasi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kabla ya mahojiano, mtuhumiwa aambiwe kwamba halazimiki kujibu na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kwa makosa mengi, asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana lazima liangaliwe.

Mwenyeji asidhani kwamba haya ni ya wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta peke yao. Kiha cha wenyeji wa huku na Kirundi vinaelewana. Mkulima wa Kasulu aliyesahau kitambulisho nyumbani anaweza kudhaniwa Mrundi njiani akitoka shambani. Siku hiyo kinga yake itakuwa utaratibu uleule anaoona leo hautumiki kwa jirani yake.

Tunajua polisi wa huku wana kazi ngumu. Silaha zimekuwa zikivuka mpaka, na kuna miaka ambayo mabasi hayakupita barabara za mkoa huu bila kusindikizwa na askari. Jambazi lazima akamatwe. Lakini maungamo yaliyotolewa kwa kipigo hayana thamani mahakamani, na kesi iliyojengwa juu yake ikianguka, jambazi halisi anarudi barabarani. Askari anayefuata sheria ndiye anayemfunga mhalifu.

Serikali yenyewe imekiri kwamba mfumo una kasoro. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wananchi waliieleza Tume juu ya kubambikiwa kesi na matumizi ya nguvu. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo. Ripoti hiyo isibaki kabatini.

Kwa hiyo tunataka haya. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Kigoma ahakikishe kila anayekamatwa anaandikwa kwenye daftari la kituo saa ileile, na ndugu zake wanaarifiwa. Mahakimu wa wilaya wakague mahabusu bila kutoa taarifa. Madai ya 2019 na 2020 yachunguzwe na chombo huru na matokeo yatangazwe hadharani. Bunge liridhie Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, kisha litunge sheria inayoutaja utesaji kuwa kosa la jinai.

Nawe msomaji, ndugu yako akichukuliwa, usikae nyumbani kusubiri. Nenda kituoni, uliza jina lake kwenye daftari, mtafute msaidizi wa kisheria. Ukiambiwa hayupo wakati mashahidi walimwona akichukuliwa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuamuru aletwe mbele yake. Itumie.