Rada: Tumelikopa Neno, Tumeyaacha Maarifa

Neno "rada" limeenea vinywani mwa vijana wetu kwa kasi ya ajabu. Kijana wa Kibokoni akikutana na mwenzake wa Kuze humwuliza, "Rada?" akikusudia kumjulia hali; na wakati wa kuagana humhimiza "akae rada", yaani awe macho. Istilahi hiyo ilibuniwa mwaka 1940 katika jeshi la wanamaji la Marekani, kwa kuunganisha herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kugundua vitu na kupima umbali wake kwa redio. Kwamba neno la manowari limegeuka salamu ya barazani ni ushahidi wa uhai wa lugha yetu. Hata hivyo, tukiwauliza vijana hao chombo chenyewe hufanyaje kazi, ni wachache watakaojibu, na wa kulaumiwa si wao.

Istilahi za zamani hazikutufikia kwa njia hiyo. Manahodha waliotia nanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa walikuwa na dira, durubini na bildi. Durubini ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya kuona mbali. Bildi ni risasi ifungwayo kwenye kamba na kushushwa baharini ili kupima kina. Maneno hayo yalikaa katika Kiswahili pamoja na vyombo vyake, mikononi mwa watu waliojua kuvitumia. Rada imetufikia neno tupu.

Sababu mojawapo ni kwamba tumezoea kuiona rada kama mali ya majeshi na serikali. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee, Uingereza ilizihamishia manowari zake Kilindini. Wataalamu wake wa kunasa na kufumbua ujumbe wa siri wa redio waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, papa hapa kisiwani, na humo wakaufumbua msimbo wa JN-40 uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Mwaka uliofuata wakarejea Colombo, na elimu yao wakaenda nayo.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana kisa chao. Mwanzoni mwa karne hii waliuziwa rada ya kuongozea ndege na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, bei iliyozusha ubishi hata miongoni mwa mawaziri wa Uingereza. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza sawasawa kumbukumbu za hesabu. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa katika vitabu na madawati ya shule. Tujiulize: ni vingapi katika vitabu hivyo vilivyomweleza mtoto rada ni nini?

Wakati sisi tukibishania bei, kwingineko chombo hicho kilikuwa kikiingia majumbani. Mnamo Januari 2011, chuo cha MIT cha Marekani kiliwafunza wanafunzi kuunda rada ndogo ya kupiga picha kwa mikebe miwili ya bati, betri za kawaida na kompyuta ya mkononi. Vifaa vyote viligharimu chini ya dola 400, na michoro yake ikatolewa bure kwa umma. Tangu hapo, wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wale warushao mawimbi kwa ajili ya kujifunza na wala si kwa biashara, wameiendeleza kazi hiyo. Huko Finland, mhandisi mmoja ameifikisha hadi kupachika rada aliyoiunda nyumbani kwenye droni na kupiga picha za ardhi kutoka angani.

Je, mikebe inawezaje kupiga picha? Nitaeleza kwa Kiswahili, makusudi. Mkebe mmoja hurusha mawimbi ya redio, wa pili hupokea mwangwi wake. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa jahazi lililo umbali wa mita 150 hurudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Saa ya kawaida haiwezi kupima muda mfupi kiasi hicho, kwa hiyo fundi hutumia hila. Huyarusha mawimbi huku akiyapandisha masafa yake mfululizo, mfano wa mwimbaji apandishaye sauti. Mwangwi urudipo huikuta sauti ya mrushaji imekwisha panda, na tofauti baina ya sauti hizo mbili ndiyo kipimo cha umbali. Ikiwa masafa yanapanda kwa megahezi 80 katika sehemu 20 za elfu za sekunde, jahazi letu litatoa tofauti ya hezi 4,000. Huo ni mlio uwezao kusikika kwa sikio la binadamu, na kompyuta huunasa kupitia tundu lake la maikrofoni.

Hapo tumepata umbali, picha bado. Antena ndogo huona kwa ukungu, na dawa yake ingekuwa antena yenye upana wa mita kadhaa. Badala ya kuijenga, fundi huiweka mikebe yake juu ya reli yenye urefu wa mita 2.4 hivi, huisogeza sentimita tano tano, na katika kila kituo hurekodi mwangwi. Kisha kompyuta huikusanya miangwi yote kana kwamba ilipokewa na antena moja ndefu kama reli yenyewe. Wazo hilo lilianzishwa na Mmarekani Carl Wiley mwaka 1951, na ndilo msingi wa setilaiti ya Ulaya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014 ili iitazame dunia usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, iliundwa kupiga picha kwa mwanga wa jua, na wingu likitanda juu ya pwani huificha ardhi.

Tusitie chumvi. Kwa umbali wa mita 50, rada ya mikebe hutenganisha vitu vilivyoachana kwa mita mbili hivi. Haitaonyesha nakshi za milango ya Mji wa Kale. Aidha, mawimbi yake hayapenyi maji ya chumvi, na hivyo hayawezi kutafuta gari lililozama kivukoni Likoni. Lakini mwanafunzi aliyeiweka darini na akaona jahazi na ukuta vikijitokeza kwenye kioo cha kompyuta, atakuwa ameigusa hesabu, fizikia na jiografia kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni sheria na hofu iandamanayo nayo. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 humtaka mwenye chombo cha kurusha mawimbi awe na leseni, isipokuwa chombo chake kiwe kimesamehewa. Sheria hiyo ina maana, kwani kisiwa chetu kimepakana na bandari kuu na kituo cha wanamaji ng'ambo ya Mtongwe, na mawimbi ya ovyo huweza kuvuruga mawasiliano. Njia halali ipo: Mamlaka ya Mawasiliano hutoa leseni za redio ya ridhaa, na alama za vituo vya Kenya huanza kwa 5Z. Ninaloomba ni kwamba klabu ya wanafunzi iombapo idhini ihesabiwe kuwa ni darasa, isidhaniwe kuwa ni genge la wapelelezi.

Kizuizi cha pili ni lugha. Katiba ya mwaka 2010 ilikitawaza Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini somo la fizikia limebaki kwa Kiingereza, na mwanafunzi huweza kupasi mtihani bila ya kuweza kumweleza nyanya yake alichojifunza. Sidai mfumo ugeuzwe kesho. Wala sidhani kamusi nene za istilahi zitatuokoa peke yake, kwa kuwa istilahi isiyotumiwa hufa ingali changa. Masafa, mwangwi, mkebe na reli ni maneno tuliyo nayo tayari, nayo yametosha kuieleza rada.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi walimu wa fizikia na wa Kiswahili na washirikiane: wa kwanza asimamie uundaji wa chombo, wa pili adai insha inayokieleza kwa lugha sanifu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho chimbuko lake ni MIOME iliyokuwa ikiwafunza vijana wa pwani ufundi na ubaharia, kiko hapa hapa Tudor na kinaweza kuwa mlezi wa klabu za namna hiyo.

Mtumai cha nduguye hufa maskini. Rada za mamilioni tutaendelea kuzinunua, kwa sababu ndege na meli haziongozwi kwa mikebe. Lakini taifa lenye vijana waliokwisha kuunda ile ndogo litajua namna ya kuuliza maswali siku litakapoletewa hati ya kununua ile kubwa.