Nyuki wa Mpanda ni wa Kabila Gani?

Vijana wenye mizinga hapa Mpanda huuliza: kwa kuwa nyuki wetu ni wakali, je, si bora kuagiza malkia wapole kutoka ng'ambo? Swali ni la haki, lakini yatupasa kwanza kuwajua hawa tulio nao. Sura ya An-Nahl yaitwa kwa jina la mdudu huyu. Si vyema kula asali yake tusimjue.

Katika miombo yetu, kutoka Mpanda hata Inyonga, wapo nyuki wadogo wasiouma, na wapo wakubwa wenye mwiba, waitwao na wataalamu Apis mellifera. Hawa wakubwa ni jamii moja na nyuki wa Ulaya, ila wana makabila. Wetu wa nyika za bara ni scutellata. Mwaka 1961 F. G. Smith, afisa wa ufugaji nyuki katika Tanganyika, aliwapa majina wengine wawili: litorea wa pwani, na monticola, mweusi mwenye manyoya marefu, wa milima kama Kilimanjaro.

Je, rangi yatosha kuwatambua? La. Malkia hukutana na madume kumi au zaidi. Hivyo mzinga mmoja huwa na watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali, wengine wa manjano, wengine weusi. Kwa hiyo mtaalamu huchukua nyuki kadhaa, akapima kwa hadubini bawa na vijishipa vyake, mguu wa nyuma, ulimi na manyoya, kisha akavilinganisha vipimo vyote pamoja.

Njia ya pili ni DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili. Sehemu yake moja hurithiwa kwa mama peke yake, nayo huonyesha ukoo wa malkia. Mwaka 2017 wachunguzi waliolinganisha nyuki wa milimani na wa nyikani katika Kenya walieleza kwamba DNA yao karibu yote yafanana, isipokuwa vipande viwili. Jicho laona wageni. Urithi wasema ni ndugu.

Sasa lile swali. Mwaka 1956 Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka Brazil, akitaka asali nyingi. Mwaka 1957 makundi 26 yakaponyoka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya, yakaenea hata yakafika Texas, Marekani, mwaka 1990. Watu walikufa kwa kuumwa. Huko kupima mabawa na DNA kukawa kazi ya lazima, maana kwa macho tu hawatambulikani.

Basi, vijana, nyuki akishatoka harudishwi. Malkia wa kigeni akiletwa Mpanda, binti zake watakutana na madume ya hapa, na upole ulionunuliwa utapotea. Lakini maradhi aliyokuja nayo huenda yakabaki. Afadhali zalisheni kutoka mizinga yenu iliyo mitulivu, iwekeni mbali na nyumba, na mkaifungue jioni kwa moshi. Na mwenye shaka juu ya nyuki wake, awatie kadhaa katika spiriti safi, aandike mahali na tarehe, ampelekee afisa nyuki wa wilaya. Huyo atakuwa ameuliza kwa njia iliyo sawa.